Wewe Ungerudi? Msimulizi wa Filamu na Hadhira Yake, kutoka Lugufu hadi Baraka

1. Utangulizi

Katika mihadhara yetu ya fasihi, sinema hutajwa mara chache, na inapotajwa huwekwa katika fungu la sanaa za kigeni: imetungwa ng'ambo, imesemwa kwa lugha za ng'ambo, na Mswahili ameipokea kama mtazamaji tu. Makala haya yanakusudia kuupinga mtazamo huo kwa kuegemea ushahidi mmoja mdogo, yaani kumbukumbu za mwandishi mwenyewe za kwenda kuangalia filamu alipokuwa mtoto wa Baraka anayelelewa ukimbizini. Hoja yetu ni kwamba filamu tuliyoiona sisi haikuwa ile iliyotoka Marekani. Kati ya kioo cha televisheni na macho yetu alisimama mtu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa fanani. Kazi yake inastahili kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote ya fasihi simulizi, kwa sifa zake na kwa kasoro zake.

Ni lazima tukiri tangu mwanzo kwamba kumbukumbu ya mtoto wa miaka 12 si kanda ya sauti. Kwa hiyo tutataja maneno machache tu ya msimulizi, yale ambayo tuliyarudia sisi watoto mara nyingi mno hata hayakuweza kusahaulika.

2. Banda na msimulizi wake

Mwishoni mwa mwaka 1996, vita vilipofika Uvira na kuteremka hadi Fizi, maelfu ya watu wa kwetu walivuka Ziwa Tanganyika kwa maboti na mitumbwi kuelekea Kigoma. Nilikuwa na miaka minane. Jamaa yetu iliishia katika kambi ya Lugufu, iliyofunguliwa mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2009. Banda la video ninalolizungumzia lilikuwa na kuta za miti na udongo, paa la turubai, mabenchi ya magogo, televisheni moja, deki moja, na jenereta lililonguruma nyuma ya ukuta. Kiingilio kilikuwa sarafu. Asiyekuwa na sarafu alilipa kikombe cha unga wa mgao, jambo lililowagombanisha watoto wengi na mama zao.

Msimulizi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya vita. Alisimama kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi na fimbo kwapani. Kifaransa alikijua vizuri, Kiingereza alikijua kidogo, na kanda nyingi zilikuwa za Kiingereza. Lililompita alilibuni. Hatukusema kwamba tunakwenda kuangalia filamu ya fulani. Tulisema tunakwenda kumsikiliza mwalimu.

Kazi hii haikuanzia Lugufu. Nchini Tanzania, Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuisambaza sauti yake katika kanda. Mtafiti Matthias Krings wa Mainz ameandika kwa kirefu juu ya sanaa hiyo. Uganda nayo ina wasimulizi wake mashuhuri. Hapa Kongo jambo hilo ni la zamani zaidi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Kibelgiji na wamisionari walizungusha filamu za mafunzo katika miji na vijiji, na palikuwa na mfafanuzi aliyezieleza kwa lugha za wenyeji. Padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai vichekesho vya Matamata na Pilipili, nao Mapadri Weupe walikuwa na kituo chao cha filamu mjini Bukavu.

Hata hivyo, ipo tofauti ambayo mhakiki hana budi kuizingatia. Mfafanuzi wa kikoloni alisema kwa niaba ya mwenye filamu: kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba funzo lililokusudiwa limefika. Mwalimu wa Lugufu alisema kwa niaba ya mabenchi. Hakuna aliyemtuma ila sisi tuliolipa kikombe cha unga.

3. Jinsi Titanic ilivyosimuliwa

Mfano tutakaouchambua ni filamu ya James Cameron iitwayo Titanic, iliyotoka mwaka 1997 na kutufikia, kwa kadiri ninavyokumbuka, mwaka 2000. Inazidi saa tatu, na ilikuja katika kanda mbili.

Filamu hiyo huanza kwa bibi kizee, Rose, anayewasimulia watafuta hazina habari za ujana wake. Watazamaji wengi hukiona kipande hiki kuwa kizingiti cha kuvukwa haraka. Mwalimu alikishika kama ufunguo. Alitambua kwamba ndani ya filamu yenyewe mna fanani, na tangu hapo hakusimulia tena kwa nafsi ya tatu. Alisema "mimi bibi yenu", kwa sauti iliyokwaruza kidogo, na hadhira ikaitika kama inavyoitika kwa bibi jioni. Nilipoiona tena filamu hiyo nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilishangaa kukuta kwamba sauti ya bibi husikika mara chache tu. Kwetu haikunyamaza hata kidogo.

Jambo la pili lilikuwa madaraja. Meli kubwa tuliyoijua sisi ilikuwa Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya Titanic kuzama, na iliyowarudisha wakimbizi wengi kutoka Kigoma hadi Uvira mwaka 1997. Liemba nayo ilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Mwalimu hakuhitaji kueleza zaidi. Abiria wa chini aliwaita "watu wa turubai", na walipofungiwa mageti ili wasipande juu kwenye maboti ya kuokolea, banda zima lilipiga kelele. Kanda ya kwanza ilipokwisha na ya pili ikawa inatafutwa, aliijaza nafasi hiyo kwa habari za MV Bukoba, iliyozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Kwa namna hiyo ajali ya mwaka 1912 ikawa ajali ya juzi.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Meli ikisha kuzama, filamu inaonyesha watu wakielea gizani, na kati ya maboti 20 yaliyo karibu ni moja tu linalorudi kuwatafuta walio hai. Katika filamu, kipande hicho ni kifupi. Mwalimu alikuwa amenyamaza tangu watu walipoanza kuanguka majini. Alikiteremsha kipaza sauti, na kwa dakika nyingi tulisikia jenereta tu. Boti lile lilipogeuka, akasema: "Moja tu lilirudi." Akaisimamisha kanda, akatugeukia, akauliza: "Wewe ungerudi?"

Kwa kawaida hadhira yake ilijibu maswali kwa kelele na vicheko. Mara hii hakujibu mtu. Kisha mzee mmoja jirani yetu, tuliyemwita Baba Mkubwa ingawa hakuwa wa ukoo wetu, akasimama kwenye benchi la nyuma. Alisema kwamba usiku ule wa kuvuka, boti lilikuwa na nafasi ya watu watatu au wanne, na ufukweni watu walikuwa wanaita. Mwenye boti alikuwa amekwisha kupokea fedha zake. "Hatukurudi," alisema. Mama mmoja akamjibu kwamba wangerudi wangezama wote. Mwingine akasema kwamba kaka yake alibaki ufukweni, ufukwe gani hakutaja. Jenereta likazimwa ili mafuta yasipotee bure. Watu wazima wakazungumza mpaka giza likaingia, na mwisho wa filamu hatukuuona siku ile.

Nilikuwa katika boti hilo la Baba Mkubwa. Nililala njia nzima, kwa hiyo sikujua lolote. Kabla ya siku hiyo, hakuna mtu mzima aliyewahi kutueleza sisi watoto jinsi tulivyovuka.

4. Tathmini

Nadharia ya tafsiri inayofundishwa vyuoni mwetu hupima mambo kwa matini mbili: ya lugha chanzi na ya lugha lengwa. Kwa kipimo hicho mwalimu ameshindwa. Alibuni, aliruka, na penye jambo kuu alinyamaza. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, ametupatia kipimo kinachofaa zaidi: ameiona fasihi simulizi kuwa tukio, linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Tukikitumia kipimo hiki, kunyamaza kwa mwalimu hakukuwa pengo la tafsiri. Kulikuwa sehemu ya utendaji, nako kulilitayarisha swali. Swali lile halimo katika filamu kwa namna hiyo, wala lisingekuwa na uzito uleule mbele ya hadhira ya Dar es Salaam au Kampala. Lilihitaji watu waliovuka ziwa usiku.

Wazee wetu wa Kibembe wana lubunga, mahali pa wanaume kukaa, kusimulia na kuamua mambo. Banda la video lilifanana nalo, lakini kwa tofauti mbili: wanawake walisema, na hakuna mzee aliyefunga mazungumzo kwa hukumu. Sina hakika kama hilo la pili lilikuwa jema. Baba Mkubwa hakurudi tena bandani.

Upande wa lugha, msimulizi yule alikuwa kamusi inayotembea. Wengi wetu tulikuja na Kiswahili cha Kivu, na Kiswahili cha Kigoma kilitutatiza. Kwetu "mapendo" ni yale ya mtu na mpenzi wake. "Mapenzi" tuliyajua kanisani, katika mapenzi ya Mungu, yaani matakwa yake. Mwanzoni nilidhani Rose na Jack wanatii amri fulani kutoka mbinguni. Mwalimu alilitambua tatizo na akaunda mtindo wa kuyataja maneno mawili mawili: mapenzi, yaani mapendo, meli, yaani masuwa, shule, yaani masomo. Hakusema lipi ni sahihi na lipi ni kosa. Miaka mingi baadaye, mhadhiri mmoja alinikatia neno "mapendo" kwa wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba hicho si Kiswahili. Nilipolitazama wino lile nilimkumbuka mwalimu wa bandani, ambaye kwa mtindo wake alikuwa ameielewa isimujamii kuliko sisi tuliokwenda kuisomea.

Kasoro zake hatuna budi kuzitaja. Kubwa zaidi ni namna alivyomsawiri mama yake Rose. Alimfanya mama wa kambo, yule wa ngano zetu, mkatili kwa sababu ndivyo mama wa kambo wanavyokuwa. Katika filamu, mama huyo ni mzazi halisi ambaye mumewe amekufa na kumwachia madeni. Anamuoza binti yake kwa tajiri kwa kuogopa kufanya kazi ya mikono. Yeye pia amefungwa na ukosefu wa fedha. Msimulizi alipomwingiza katika umbo la ngano alitufurahisha, lakini alitunyima jambo ambalo hadhira ya kambini ingelielewa kuliko wengine, kwani wasichana walioozwa mapema kwa ajili ya shida tuliwajua kwa majina. Hapa umbo la jadi lilifunika dhamira badala ya kuifunua. Wanaosifu kila kilicho cha jadi wanapaswa kulifikiria jambo hili.

5. Baada ya kurudi

Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka, nasi tulirudi mwaka uliofuata. Baraka ilikuwa na mabanda yake ya video karibu na soko. Huko tulikuta filamu za Kinaijeria, na baadaye zikaja kwa wingi filamu za Kitanzania, hasa zile za Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012. Hizi zilisema Kiswahili zenyewe, na msimulizi hakuhitajika. Wengi walilipokea jambo hilo kuwa maendeleo, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki: kwa mara ya kwanza tuliwaona waigizaji wanaopiga hodi na kusalimia shikamoo kama sisi. Lakini banda lilikuwa kimya. Watu waliangalia, wakalipa, wakaondoka. Baadaye simu za mkononi na kadi za kumbukumbu zilimpa kila mtu kioo chake.

Hatusemi kwamba filamu ya Kiswahili ni duni kuliko filamu ya kigeni iliyosimuliwa. Tunasema kwamba zile mbili ni tanzu tofauti, na kwamba utanzu mmoja umefifia kabla haujaandikwa.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba msimulizi wa filamu alikuwa fanani kamili, kwamba utendaji wake unaweza kuhakikiwa kwa vipimo vya fasihi simulizi, na kwamba Kiswahili chake kilikuwa daraja kati ya lahaja zilizokuwa hazisikilizani. Wanafunzi wetu wa Fizi na Baraka wanapotafuta mada za tasnifu, huelekezwa kwenye methali na ngano za Kibembe, na ni vema. Tunapendekeza waelekezwe pia kwa wasimulizi hawa, ambao wengi wao wamekwisha kuzeeka, pamoja na wale waliokaa kwenye mabenchi. Kanda za filamu zenyewe hazina haja ya kuokolewa, maana zipo kila mahali duniani. Kilichokuwa chetu ni sauti iliyosimama kando yake, na sauti hiyo haikunaswa katika kanda yoyote.

Baba Mkubwa alifariki Baraka miaka kadhaa baada ya kurudi. Katika matanga yake nilikaa karibu na mama yule aliyemjibu bandani kwamba wangezama wote. Aliniuliza ninafundisha nini. Nilimwambia Kiswahili. Akaniuliza kama tunawafundisha watu kujibu lile swali la mwalimu.