Maji ya Mwisho

Fundi wa chumba cha giza hupimwa kwa maji yake. Hapimwi kwa kamera aliyonunua, wala kwa pazia lenye mandhari ya ziwa alilolitundika nyuma ya kiti cha wateja. Hupimwa kwa kazi aliyoifanya baada ya sura kwisha kujitokeza kwenye karatasi, wakati mteja amekwisha kuridhika na angeweza kupewa bahasha yake akaenda zake. Hapo ndipo fundi mvivu alipokoma, na fundi hasa alipokuwa ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati.

Nimekuwa nikipanga picha za zamani za ukoo wetu, na tofauti inajionyesha yenyewe. Picha mbili za harusi, za miaka inayokaribiana, zimelala sanduku moja, zimepata joto lile lile na unyevu ule ule. Katika moja, weusi bado ni wa masizi na kanzu ya bwana harusi bado nyeupe. Ya pili imesawijika: weusi umegeuka kahawia, doa la manjano limetambaa kutoka pembeni, na uso wa bibi harusi umekuwa kivuli. Wenyewe nyumbani wanasema picha hiyo imezeeka. Mimi nasema haikuoshwa. Aliyeitengeneza aliiba muda wa maji, na deni lake wamekuja kulipa wajukuu.

Kinachoiua picha ni dawa ile ile iliyoiokoa. Fedha inayofanya picha hukaa ndani ya jelatini, na ile ambayo mwanga haukuigusa lazima iyeyushwe na kuondolewa, la sivyo karatasi nzima itaingia weusi siku itakapotolewa juani. Dawa ya kukazia, sodiamu thaiosalfeti, ndiyo inayoifanya kazi hiyo. Lakini dawa hiyo imebeba salfa. Ikisalia ndani ya nyuzi za karatasi huvunjika polepole, na salfa yake huishika fedha ya picha na kuila, gizani, ndani ya albamu iliyofungwa, miaka baada ya miaka.

Ajabu ni kwamba salfa hiyo hiyo ndiyo iliyoipa filamu macho. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, na kwa muda mrefu viwanda vilishangaa kwa nini jelatini nyingine hutoa filamu kali na nyingine filamu zilizolala. Mwaka 1925 Samuel Sheppard wa kampuni ya Kodak alieleza sababu: chembe chache mno za salfa zinazotokana na mimea kama haradali aliyokula ng'ombe. Kidogo chake huamsha fedha ipokee mwanga hafifu. Kingi chake huifuta. Kazi nzima ya chumba cha giza imekaa kati ya viwango hivyo viwili.

Katika historia ya upigaji picha wengi humsifu Daguerre, ambaye uvumbuzi wake ulitangaziwa dunia mwaka 1839, au Fox Talbot wa Uingereza aliyeshika kivuli kwenye karatasi. Moyo wangu uko kwa John Herschel. Yeye alikuwa ameandika tangu 1819, miaka 20 kabla ya tangazo hilo, kwamba thaiosalfeti huyeyusha chumvi za fedha. Wakati Talbot bado anahangaika kuzuia picha zake zisipotee kwa kutumia chumvi ya mezani, Herschel ndiye aliyempa jibu. Wenzake walikuwa wakitafuta namna ya kukamata sura. Yeye alijua namna ya kuitunza.

Fundi niliyemtazama nikiwa kijana alikuwa wa Tanga, Mungu amrehemu. Kucha zake zilikuwa za kahawia kama za mtu amenyaye ndizi mbichi kutwa, na katikati ya vidole ngozi ilikuwa imechubuka kwa sababu ya metoli, maana dawa hiyo huwachoma baadhi ya watu nao hawaachi kuitumia. Kwa dawa ya kutokeza sura hakupenda za pakiti. Alipima mwenyewe, kwa mizani ya sonara: metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2, katika lita moja ya maji. Mafundi wa dunia nzima waliijua hesabu hiyo kwa jina la D-76. Alianza na salfaiti kwa ncha ya kijiko tu, kisha metoli, akakoroga hadi iishe kabisa, ndipo akamimina salfaiti iliyobaki. Ukitanguliza salfaiti yote, metoli hukataa kuyeyuka. Nilimwona akimwaga beseni zima kwa sababu msaidizi alipindua mpangilio huo, na dawa wakati ule ilikuwa ghali.

Lakini kilichonikaa moyoni ni chupa moja ndogo juu ya rafu, yenye pamanganeti, vile vijiwe vya zambarau vilivyouzwa duka la dawa kwa kuoshea vidonda. Picha zilipokwisha kupita maji mengi, alichukua glasi ya maji safi, akatia matone machache ya pamanganeti iliyoyeyushwa hadi maji yakawa na rangi ya ua la mbilingani. Kisha akainua picha moja kwa ncha, akaiacha ichuruzike ndani ya glasi. Akangoja. Kama zambarau ilibaki zambarau, picha ilikuwa safi. Kama iligeuka rangi ya chungwa, ilimaanisha dawa ya kukazia bado imo. Na kama maji yalipauka kabisa, basi kuosha kulikuwa hakujaanza.

Mara nyingi niliona maji yakigeuka chungwa. Hapakuwa na mtu wa kumkemea. Mteja asingejua, wala hapakuwa na mkaguzi. Picha zilikuwa zimeng'aa, tayari kwa kukaushwa, na nje watu wanaulizia. Yeye alizirudisha majini zote, si ile moja aliyoijaribu, akabadilisha maji, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akingoja. Bomba lilipokauka, jambo la kawaida, alinunua maji kwa madebe kutoka kwa wenye mikokoteni. Aliyatumia kwa akili: aliyaacha yatulie na picha kwa dakika kadhaa hadi yanyonye dawa, akayamwaga yote, akaanza upya. Alinieleza kwamba maji mengi yanayopita juu kwa kasi huondoa kidogo kuliko maji machache yanayobadilishwa kwa subira. Baadaye nilisoma na kukuta ni kweli.

Nilisoma pia kwamba maji ya bahari huitoa dawa ya kukazia kwenye picha upesi kuliko maji baridi ya kisima, mradi mwisho picha isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi. Nilisikitika kwamba nililijua hilo nikiwa mtu mzima, baada ya fundi kufa. Studio yake ilikuwa hatua chache tu kutoka baharini.

Tusisahau pia kwamba ufundi huu ulitungiwa nchi za baridi. Vitabu vyote husema nyuzijoto 20, na maji ya bomba ya pwani hayashuki hadi huko. Katika joto letu jelatini huvimba na kulegea. Ukiigusa kwa kidole huacha shimo, na ikizidi hujikunja au kutoka kwenye filamu kama ngozi ya maziwa. Wenyewe waliotutangulia walifanya kazi usiku, wakaweka beseni juu ya barafu iliyonunuliwa kwa wauza samaki, wakatia sodiamu salfeti kwenye dawa ya kutokeza sura ili kuzuia uvimbe, na shabu kwenye dawa ya kukazia ili jelatini iwe ngumu. Ni shabu ile ile ya kinyozi. Katika joto na unyevu huo ndimo Ranchhod Oza alimofungua Capital Art Studio, Unguja, mwaka 1930, na ndimo Omar Said Bakor wa Lamu alimokata na kuunganisha nyuso na maua ndani ya picha moja. Picha za watu hao zikitazamwa leo na weusi wake bado umesimama, mtazamaji husifu jicho la mpiga picha, naye anastahili. Mimi humkumbuka pia aliyebeba maji.

Ndugu pacha wa kazi hii alikuwa hospitalini. Wilhelm Röntgen aliigundua miale yake Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha mifupa ya mkono wa mkewe. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka mia moja, nyuma ya kila mashine ya eksirei palikuwa na chumba cha giza chenye taa nyekundu. Filamu ya eksirei ilipakwa jelatini pande zote mbili, ikabanwa ndani ya kaseti kati ya karatasi mbili za kalsiamu tangsteti zilizowaka samawati zikiguswa na miale, ili mgonjwa apate miale michache na picha itoke kamili. Mtaalamu wa eksirei aliitoa gizani kwa kupapasa, akaifunga kwenye fremu ya chuma, akaizamisha kwenye tangi akitazama saa na kipimajoto. Mgonjwa wa ajali alipokuwa mezani, daktari aliisoma filamu ingali inachuruzika. Lakini baada ya daktari kuisoma ilirudishwa majini, na hapo ndipo ulipomjua mtaalamu.

Ilirudishwa kwa sababu filamu ya kifua haikuwa ya siku moja. Mgonjwa wa kifua kikuu alipewa bahasha yake kubwa ya kaki, akaiweka chini ya godoro, akasafiri nayo kwa basi hadi hospitali ya mkoa, na huko daktari aliiweka kwenye sanduku la taa kando ya ile mpya alinganishe. Doa la kahawia lililozaliwa na dawa isiyooshwa lingekaa juu ya pafu pale pale ambapo daktari anatafuta dalili. Mtaalamu yule hakumwona daktari huyo, wala hakujua kama mgonjwa atafika. Aliosha tu.

Siyaombei maisha ya zamani yarudi hospitalini. Picha ya eksirei ya kompyuta hutoka haraka, haihitaji maji, haimwagi fedha na asidi kwenye mtaro, na mgonjwa harudishwi mara ya pili kwa sababu filamu iliungua. Na filamu nazo zilikuwa na hatari zake. Mwezi Mei 1929, huko Cleveland, Marekani, filamu za eksirei za nitreti zilizorundikwa chini ya jengo la kliniki zilishika moto, na watu 123 walikufa, wengi kwa hewa yenye sumu. Hata msiba huo, ukiutazama, ulikuwa msiba wa kutunza vibaya.

Ninacholalamikia ni kwamba tulipoacha dawa tuliacha pia ile desturi ya hatua ya mwisho. Kuacha huko kulianza kabla ya simu. Karatasi zilizopakwa plastiki zilipoenea miaka ya 1970 ilitosha kuziosha dakika chache tu, na wengi wakazichukua dakika hizo wakazipeleka hata kwenye karatasi ya zamani iliyohitaji saa nzima. Leo picha za harusi nzima zinakaa ndani ya simu moja, na simu ikizama chooni au ikinyakuliwa dirishani mwa daladala, harusi imekwenda. Hakuna anayeiinua glasi yake ya zambarau na kuuliza: hii itakuwepo? Tunapiga mara elfu kile ambacho babu zetu walikipiga mara moja, na hatukitunzi hata mara moja.

Na vilivyokwisha kutunzwa tunaviuza. Filamu za eksirei za zamani hununuliwa kwa kilo ili zitolewe fedha. Fedha hiyo ina thamani, sikatai. Hata mafundi wetu walitia sufu ya chuma kwenye dawa ya kukazia iliyochoka ili fedha ishuke chini kama matope. Lakini wao waliivuna ile ambayo picha imeikataa. Kuyeyusha picha yenyewe ni jambo jingine. Studio ikifungwa, warithi wakigawana viti na mashine ya kukuzia, masanduku ya negativu hubaki kwenye varanda, mvua ikinyesha jelatini hugandamana, kuvu wakaila, na sura za mji mzima zikawa tofali moja la plastiki.

Ziko negativu zilizonusurika na hayo yote, zilizooshwa kwa uaminifu, na bado zinakufa. Nyingi za karne iliyopita ziko juu ya asiteti, plastiki ambayo kwa joto na unyevu huanza kutoa asidi ya siki, na asidi hiyo ikiwa imefungiwa huharakisha uozo zaidi. Mara mwendo huo ukianza hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Baridi na hewa huuchelewesha tu, na mwenye akili huzinakili negativu hizo upesi kabla hazijasinyaa na kukunjamana. Fedha iliyo juu yake nzima, nyeusi, haina doa. Kinachooza ni plastiki iliyoibeba, huko kwenye makabati na juu ya dari, chini ya mabati yanayochemka kuanzia saa nne asubuhi, na wenye nyumba wanaisikia harufu ile ya siki ila wanadhani inatoka jikoni.