Toa Kiti cha Nyuma Kwanza

Mwalimu mstaafu alikuwa amelitoa gari nje tangu alfajiri. Aliliosha, akalikausha kwa kanga kuukuu, akaliegesha chini ya mparachichi. Volkswagen Beetle nyeupe, mgongo wa mviringo, inang'aa. Mimi mnunuzi nilishaipenda kabla sijagusa mlango.

Fundi niliyekuja naye kutoka Tanga aliipita kama haioni. Alimwamkia mwenyeji wetu, "Shikamoo mwalimu," akaitikiwa marahaba, akakaribishwa chai, akainywa taratibu huku akiulizia mvua za Lushoto na mazao. Chai ilipokwisha alifungua mlango, akainamisha kiti cha mbele, akaingia nusu mwili na kung'oa kikalio cha kiti cha nyuma. Akakilaza nyasini.

"Rangi ni maneno ya muuzaji," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huku ndiko gari linakojisemea lenyewe."

Chini ya kiti hicho, upande wa kulia, hukaa betri. Katikati limepita handaki la chuma linaloanzia mbele mpaka nyuma ya gari, na juu yake ndipo kiwanda kilipopiga namba ya chasisi. Fundi alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua polepole. Nilitaka kumpa msasa, akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Msasa hula namba, na namba iliyoliwa hairudi. Baada ya dakika kumi hivi tarakimu zilianza kujitokeza: 115, kisha nyingine sita.

Kwa anayejua kusoma, hapo pana habari nyingi. Kuanzia Agosti 1964 Volkswagen ilianza kutumia namba za tarakimu tisa: mbili za kwanza hutaja aina ya gari, ya tatu hutaja mwaka wa toleo, na sita zilizobaki ni za mfuatano. Ile 5 ilikuwa na maana ya toleo la 1965. Tena mwaka wa toleo pale kiwandani Wolfsburg haukuanza Januari, ulianza Agosti. Gari lililotoka kiwandani Septemba 1964 ni la toleo la 1965, na mwenye kutegemea kadi ya gari peke yake atabishana bure. Fundi akaenda mbele, kwenye buti, maana Beetle injini yake iko nyuma. Akasogeza tairi la akiba, akamulika kibati kilichofichwa huko. Namba ilikuwa ileile.

Mimi nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Beetle imeundwa kwa vipande viwili vikubwa: sakafu yenye handaki lake, na bodi inayokalia juu yake na kufungwa kwa boli pande zote. Bodi inaweza kunyanyuliwa na kuwekwa juu ya sakafu nyingine, na wengi wamefanya hivyo. Basi namba ya sakafuni ni ushahidi wa sakafu tu. Bodi nayo lazima iulizwe.

Hapo ndipo nilipoanza kuistahi kazi ya fundi wangu. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na tochi, kioo kidogo cha kunyolea, na sumaku iliyofungwa uzi, na alizunguka gari lile kwa saa mbili bila kusema jambo kubwa. Madirisha: yalipanuliwa kuanzia toleo la 1965, na kioo cha mbele kikapata mbinuko kidogo. Hapa yalikuwa mapana. Kando ya hendibreki: vishikio viwili vya kuingizia hewa ya joto. Toleo la kabla yake lilikuwa na kirungu cha kuzungusha. Ringi: boli tano, zisizo na matundu, kwani ringi zenye matundu zilikuja mwaka uliofuata. Miguu ya mbele: kingpini, maana bolijointi zilianza Agosti 1965. Taa za mbele: zimelala kufuata mteremko wa madigadi, si zile zilizosimama wima zilizoanza Agosti 1967.

Kila kimoja kati ya hivyo, kikiwa peke yake, kinaweza kubadilishwa. Ila vikikubaliana vyote, mwongo atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko faida yake. Fundi haamini shahidi mmoja. Hukusanya wengi, kisha husikiliza kama hadithi zao zinalingana.

Baadaye alichuchumaa penye madigadi ya nyuma kushoto. Aliishusha sumaku kwa uzi wake. Juu ilinasa. Chini kidogo ikateleza na kuning'inia, kama imesusa. Akagonga kwa kifundo cha kidole: pale juu chuma kililia, pale chini kilinong'ona. Puti. Akaniita niangalie utepe wa mpira uliopita kati ya madigadi na bodi. Upande wa kulia utepe ulisimama peke yake, safi. Upande wa kushoto ulikuwa umepakwa rangi pamoja na bati, ishara ya mtu aliyepiga rangi bila kufungua boli. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini hakukasirika. Alitumia kioo kutazama upande wa ndani, akaziona alama ndogo za mviringo zilizopangwa kwa nafasi sawa, jinsi kiwanda kilivyounganisha mabati. Palipochomelewa kwa mkono pangekuwa na mshono wa makovu. Hapakuwa nao.

Kisha rangi, mwisho kabisa. Hakuiangalia nje. Alipenyeza mkono kupitia buti hadi nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hakuna mpiga rangi wa mtaani anayejisumbua kufika. Nyeupe ileile, isiyong'aa, yenye umanjano kidogo: L87 katika hesabu za kiwanda, nyeupe ya lulu. Gari lilipigwa rangi upya, ndiyo, lakini kwa rangi yake.

Injini ndiyo iliyokuwa mgeni. Beetle ya 1200 ya mwaka ule, yenye nguvu za farasi 34, namba ya injini yake haina herufi mbele. Hii ilianza na F, injini ya 1300 ambayo ilikuja baada ya gari lenyewe. Mwalimu aliona aibu. Akaeleza kwamba ya kwanza ilimfia njiani Korogwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, spea hakuna, fedha za kigeni hakuna, na watoto walitakiwa kufika shule.

"Usione haya, mwalimu," fundi akamwambia. "Injini ya Volkswagen imeshikwa na boli nne. Kilichofungwa kwa boli kinafunguka. Ningekuonea uchungu kama ungekata bati."

Sentensi ile ndiyo elimu niliyotoka nayo Lushoto. Wengi tunapima uasili kwa kuuliza ni vingapi vimebadilishwa. Fundi huuliza ni vingapi haviwezi tena kurudi. Umeme wa gari lile ulikuwa umetolewa volti 6 ukapelekwa volti 12, kama zilivyofanyiwa Beetle nyingi. Hilo hurudishwa. Injini hutafutwa. Lakini nguzo iliyokatwa ili kutanua dirisha, namba iliyosagwa, sakafu iliyobandikwa bati juu ya bati, hizo ni hasara za milele. Ndiyo maana alitumia muda mrefu kuliko wote akichungulia vizingiti vya chini ya milango. Ndani yake hupita hewa ya moto kutoka kwenye injini, na kutu huvila kuanzia ndani, kimya, huku nje pakiendelea kupendeza.

Katika mashindano ya magari ya Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1970, magari hupimwa pia kwa usafi, na mwenye gari huogopa hata vumbi. Fundi wangu naye alitafuta uchafu, ila kwa sababu nyingine: aliupenda. Grisi ya zamani iliyoganda juu ya boli, alisema, ni muhuri kwamba boli ile haijaguswa.

Beetle si gari adimu. Zimeundwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikitoka kiwanda cha Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003. Huku kwetu ilijipatia jina mapema, iliposhinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Adimu ni ile iliyovuka miaka sitini ya barabara zetu bila kukatwa. Na aliyeivusha hii ni mwalimu, si fundi wala tajiri. Kabla hatujaondoka alitoka stoo na boksi la sabuni. Ndani mlikuwa na balbu za volti 6, dinamo ya zamani, vifuniko viwili vya ringi na kitabu cha maelekezo kilichotafunwa pembe na panya. Kila alichofungua kwenye gari alikiweka. Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Hukumu yake ilikuwa fupi: sakafu yake, bodi yake, rangi yake, injini ya kuazima, madigadi moja ina puti. Akaniagiza nilipe bei ya haki, nisiguse rangi, na boksi lile nilithamini kama sehemu ya gari.

Nawe ukiitwa kutazama gari kuukuu, kunywa chai kwanza. Halafu toa kiti cha nyuma. Rangi itakungoja.