Picha Iliyotengenezwa kwa Ajili ya Chogo

Katika nyumba nyingi za Waswahili wa London kuna kabati lenye kanda za video za harusi. Nyingine zilipigwa Mombasa, nyingine Unguja, nyingine Dar es Salaam, zikaletwa na wasafiri ndani ya masanduku miaka ya 1980 na 1990. Siku hizi zikiwekwa kwenye televisheni bapa ya sebuleni, watu hukunja nyuso. Picha imejaa chenga, sura zimevimba, nyekundu ya leso imemwagika mpaka shavuni. Wa kwanza atasema kanda imeoza. Wa pili atamlaumu mpiga picha, ambaye pengine ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote mjini. Mimi naamini kwamba mara nyingi kanda haina kosa kubwa kiasi hicho. Picha ile ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni ya chogo, na anayetaka kuirudishia hadhi yake hana budi kwanza aelewe chogo lile lilikuwa likifanya kazi gani.

Ndani yake mlikuwa na bomba la kioo, na kutoka nyuma mwale wa elektroni ulirushwa mbele ukigonga unga unaong'aa uliopakwa upande wa ndani wa kioo. Mwale ulichora mstari mmoja mmoja, kushoto kwenda kulia, juu kushuka chini. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Uingereza na pia Kenya na Tanzania, mistari ilikuwa 625, na 576 kati yake ndiyo iliyobeba picha. Lakini haikuchorwa yote kwa mkupuo. Ilianza ile ya witiri, ikachorwa kwa moja ya hamsini ya sekunde, kisha mwale ukarudi juu kujaza ile ya shufwa katika nafasi zilizobaki. Kwa hiyo kila picha kamili ni nusu mbili, na nusu hizo zilinaswa nyakati mbili tofauti. Nusu ya pili ilipokuwa ikichorwa, ya kwanza ilikuwa imeshafifia, na jicho likaziunganisha lenyewe. Kingo za kila mstari zilikuwa laini, mwanga wake ukigusa jirani, na ulaini huo ndio uliofunika mapengo na kupoza chenga.

London ina haki ya kuzungumzia mistari kuliko miji mingine. Ni hapa, Frith Street, mtaa wa Soho, ambapo John Logie Baird alionyesha televisheni yake tarehe 26 Januari 1926, picha ya mistari 30 tu. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza matangazo ya kawaida kutoka Alexandra Palace, mfumo wa Baird wa mistari 240 ukipokezana na ule wa Marconi-EMI wa mistari 405, hadi mwanzoni mwa 1937 ule wa 405 ulipobaki peke yake. Mistari hiyo 405 iliitwa rasmi picha ya ubora wa juu, na hayakuwa majigambo. Kwenye vioo vidogo vya siku zile, watu waliona nyuso za waimbaji zikiwa wazi kabisa.

Televisheni bapa haina mwale. Ina nukta zilizopangwa safu kwa safu, na zote hubaki zimewaka mpaka picha nyingine ifike. Ile ya kawaida ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Ile ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Kanda ya harusi ikiingizwa kwenye kompyuta hutoa nukta 720 kwa 576, jumla 414,720. Maana yake, katika kila nukta 20 za kioo cha 4K, moja tu imetoka kwenye kanda. 19 zilizobaki televisheni inazibuni yenyewe, papo kwa papo. Na hata hiyo moja ni hesabu ya ukarimu, kwa sababu kanda ya VHS yenyewe hubeba alama 320 hivi tu kutoka upande hadi upande, na rangi yake ni hafifu zaidi ya hapo. Televisheni haijui kutofautisha chenga na ushanga wa bibi harusi. Huvikuza vyote, kisha huvinoa vyote.

Nusu mbili zile nazo huleta balaa lake. Televisheni bapa ikizibandika pamoja kama kitu kimoja, chochote kilichokuwa kikitembea huonekana mahali pawili kwa wakati mmoja. Mkono wa mwali ukipunga, kingo zake zinachanika kama meno ya chanuo.

Mashariki ya London kuna fundi mmoja wa kike, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kazi yake ni kuhamisha kanda hizi. Nimekaa pembeni yake nikimtazama, na kinachonivutia kwanza ni jinsi anavyochelewa kuanza. Kanda haiingii kwenye deki kabla hajafungua kifuniko chake na kuchungulia utepe kama una ukungu mweupe. Kisha anaupeleka mbele mpaka mwisho na kuurudisha, ili ulegee sawasawa. Hedi za deki, zile zinazousoma utepe, anazisafisha kati ya kanda na kanda. Deki zake anazitunza mno, kwani Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwezi Julai 2016, na vipuri sasa hupatikana kwenye mashine zilizokufa tu.

Picha ikitoka kwenye deki hupita kwanza katika kifaa kinachosawazisha muda wa mistari. Utepe uliovutika hufanya kila mstari uanze mapema au uchelewe kidogo, na ndiyo maana nguzo ya mlango kwenye kanda nzee hutikisika kama inapepea. Nilimwona akiwasha kifaa hicho katikati ya kanda moja: mlango ukasimama wima, na mtu aliyeegemea pale akapata bega.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoihusudu kuliko zote. Watu wengi hutupa nusu moja ya kila picha ili kuondoa yale meno, na hapo hupoteza nusu ya mistari na nusu ya mwendo. Yeye hazitupi. Programu yake huichukua kila nusu na kuijenga iwe picha kamili, ikiazima mistari inayokosekana kutoka kwa nusu zilizotangulia na zinazofuata, baada ya kupima kila kitu kimehamia wapi. Badala ya picha 25 kwa sekunde anapata 50, na mwendo unarudi ulivyokuwa. Nilimwona akipunguza kasi mahali ambapo mwanamke anarusha shanga za karatasi: kabla ya hapo zilikuwa michirizi, sasa kila moja ina njia yake hewani.

Kisha kuna mambo madogo ambayo wasiojua huyaacha. Chini kabisa ya picha ya VHS kuna ukanda mwembamba unaorukaruka, mahali ambapo hedi moja inaipisha nyingine. Kwenye chogo ulifichwa nyuma ya fremu ya televisheni. Kwenye televisheni bapa uko uchi. Yeye huufunika. Halafu kuna umbo. Picha ya zamani ni nne kwa tatu, kioo cha leo ni kumi na sita kwa tisa, na watu huitanua ijae. Bibi mmoja alimuuliza, "Mwanangu, mbona nilikuwa mnene hivi?" Akamjibu, "Hukuwa mnene, bi mkubwa. Televisheni ndiyo iliyokutanua." Akamrudishia umbo lake, pande mbili zikabaki nyeusi, na bibi akaridhika.

Kilele cha ufundi huu, kwa maoni yangu, kilifikiwa na watu wa BBC. Miaka ya 1960 na 1970 kanda za video zilikuwa ghali, kwa hiyo vipindi vingi vilifutwa na kanda kutumika tena. Mara nyingi kilichosalia ni nakala ya filamu ya milimita 16, iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni ili iuzwe ng'ambo, na hata kipindi cha rangi kilinakiliwa hivyo kwa nyeusi na nyeupe. (Mwaka 2013 vipindi 9 vya tamthilia ya Doctor Who vilivyodhaniwa vimepotea vilitangazwa kupatikana Jos, Nigeria, vikiwa kwenye filamu kama hizo.) Kipindi kimoja cha vichekesho vya Dad's Army cha mwaka 1969, "Room at the Bottom", kilibaki kwa namna hiyo, bila rangi.

Sasa, katika PAL, rangi husafiri ndani ya mawimbi yale yale yanayobeba mwanga na giza. Ilipasa ichujwe kabla ya kupiga filamu, na mara nyingi haikuchujwa. Ikaangukia kwenye filamu kama nukta ndogo ndogo mno, ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa uchafu. James Insell, mtaalamu wa uhifadhi wa BBC, aliamini kwamba nukta zile bado zinaijua rangi. Wakajitokeza wenzake wa kuifuatilia fikra hiyo, na mhandisi Richard Russell akaandika programu ya kuzisoma. Filamu ilisomwa kwa undani wa hali ya juu ili kila nukta ionekane. Kisha ikabidi kunyoosha mpindo wa kioo cha zamani na kusinyaa kwa filamu, kwa usahihi wa kuogofya, kwa sababu nukta ikihama hata kidogo tu, rangi nayo hugeuka ikawa nyingine. Tarehe 13 Desemba 2008 BBC Two ilikionyesha kipindi kile kikiwa na rangi, na rangi hiyo ilitoka ndani ya filamu yenyewe.

Naitaja kazi hiyo kwa sababu siku hizi kuna njia ya mkato. Zipo programu zilizofunzwa kwa maelfu ya nyuso, na ukizipa sura yenye ukungu zinakurudishia sura kali, yenye kope na vinyweleo. Inapendeza, mpaka mtu wa familia aseme, "Huyu si mama." Fundi wetu hakubali kuzitumia kwenye nyuso. Katika kanda ya harusi, mtu aliyekaa safu ya nyuma huenda hana picha nyingine ya kutembea popote duniani, na nyusi za kubuni zikishawekwa, wajukuu watazikariri kuwa ndizo zake. Kwa hiyo huacha chenga kiasi. Mimi namuunga mkono moja kwa moja.

Kanda za kupamba, yaani sherehe ya kumpamba bibi harusi, huzishughulikia mlango ukiwa umefungwa, kwani zilipigwa kwa macho ya wanawake peke yao, na hazipakii kwenye intaneti hata kwa muda. Akimaliza humpa mwenyewe kanda yake, faili la kutazama, na faili jingine kubwa, zito, lisiloguswa, lenye nusu zote mbili za kila picha kama zilivyotoka kwenye deki. Wengi humwambia hilo la pili hawalihitaji. Yeye huwaeleza kwamba nukta za mwaka 1969 zilingoja miaka 39 mtu wa kuzisoma, kisha huliandika jina la familia juu yake na kuwakabidhi.