Mapinduzi, Ya Kwanza, au Njia Mpya? Uhakiki wa Sifa Tunazozipa Sayansi, Mbio za Magari na Michezo ya Video

Ikisiri

Makala hii inahakiki msamiati ambao waandishi na wafasiri wa Kiswahili huutumia kusifu jambo linaloaminika kubadili mkondo wa fani. Kwa mifano ya Afrika Mashariki, inadai kwamba sifa mbili zinazotawala, "mapinduzi" na "ya kwanza", huficha kile tunachopaswa kukipima, yaani namna kazi ya mtu mmoja inavyowawezesha wengine kufanya wasichoweza kukifanya kabla yake.

Utangulizi

Swali la makala hii lilizuka darasani. Nilikuwa nikiongoza kikundi cha wanafunzi wa tafsiri hapa Gisozi, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, na matini tuliyopewa ilikuwa tangazo la mchezo wa video. Tangazo liliusifu mchezo huo kwa neno la Kiingereza lenye picha ya jembe linalopasua ardhi isiyowahi kulimwa. Mwanafunzi wa kwanza aliandika "mchezo uliovunja ardhi". Darasa lilicheka, na lilikuwa na haki ya kucheka. Kitenzi "vunja" kina jamaa zake katika Kiswahili: tunavunja rekodi, tunavunja ukimya, tunavunja jungu Ramadhani inapokaribia, na msichana huvunja ungo. Ardhi hatuivunji. Ardhi tunaitifua, msitu tunaufyeka, na hata kiongozi anayeanzisha ujenzi wa shule huweka jiwe la msingi.

Mwanafunzi wa pili alipendekeza "mchezo wa kimapinduzi". Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenzake mmoja, mtu mzima kuliko wengine, alisema kwa upole: "Mwalimu, hapa neno hilo tusiliandike." Hakueleza zaidi nami sikumwuliza. Ni katika Gisozi hii hii ilipo Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mtu anayefundisha lugha mahali kama hapa hujifunza kwamba kuna maswali ambayo mwanafunzi hapaswi kuulizwa mbele ya wenzake.

Neno moja, kumbukumbu nyingi

Kamusi zetu hazitoshi kueleza kilichotokea darasani, kwa sababu uzito wa "mapinduzi" hubadilika kwa kadiri msemaji anavyovuka mipaka. Zanzibar neno hilo ni sikukuu ya tarehe 12 Januari, na pia ni kombe la kandanda linaloshindaniwa kila mwaka. Mtoto huweza kulisikia kwanza uwanjani. Nairobi, mtu mwenye umri wa kuikumbuka tarehe 1 Agosti 1982 hulisikia kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi umma unaouangusha utawala na wanajeshi wanaojaribu kuiteka redio ya taifa. Yote hayo ni mapinduzi.

Rwanda ina sababu yake ya ziada. Machafuko yaliyoanza Novemba 1959, ambapo nyumba zilichomwa na Watutsi wakakimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo, yaliitwa na watawala waliofuata, kwa Kifaransa, mapinduzi ya kijamii. Kinyarwanda kiliyapa jina lingine: muyaga, yaani upepo. Jina la kwanza ni la mtu anayesifu, na la pili ni la mtu aliyepeperushwa. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini mwaka 2017, kiliingia katika ofisi na shule pamoja na "mapinduzi" yake, na sasa wafasiri wetu wanalitumia kwa simu mpya, kwa sabuni na kwa gemu za watoto kana kwamba ni kiungo cha kawaida cha mchuzi.

Sipendekezi neno lifutwe. "Mapinduzi ya viwanda" limekwisha kukaa katika vitabu vya historia na litabaki. Ninachopinga ni kulifanya sifa ya jumla. Kitenzi "pindua" husema tu kwamba kilichokuwa juu kiko chini. Hakisemi ni nini kimejengwa. Katika mbio za magari upungufu huo unageuka kichekesho. Mwandishi wa habari aliyetangaza kwamba dereva fulani "ameleta mapinduzi" katika mashindano angepaswa kujua kwamba, kwa lugha ya mashabiki walio kando ya barabara, gari lililopinduka limekwisha kutoka mashindanoni.

Swali la Magamba

Mfasiri anayelikimbia neno "mapinduzi" mara nyingi hukimbilia "ya kwanza": wa kwanza Afrika, ya kwanza duniani. Sifa hii inaonekana salama kwa kuwa inaweza kuthibitishwa kwa tarehe. Hebu tuijaribu kwa mfano ambao kila mwalimu wa fizikia katika ukanda wetu anaufahamu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa ya kugombaniwa, kwa hiyo Mpemba aliingiza maziwa yake yangali ya moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipoendelea kuuliza, alidhihakiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alipata nafasi ya kumwuliza mgeni, Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati ule: kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35, vyombo na ujazo vikiwa sawa? Wanafunzi walicheka tena. Osborne aliahidi kulijaribu jambo hilo, akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education.

Makala nyingi za Kiswahili humwita Mpemba "mgunduzi wa kwanza" wa jambo hilo. Si kweli, na hakuhitaji iwe kweli. Aristotle aliligusia, na baadaye Francis Bacon na Descartes. Wala haliwezi kuitwa ugunduzi uliokamilika, kwa kuwa mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha majaribio ambayo hayakupata ushahidi wa maana wa kuliunga mkono, huku wengine wakiendelea kulitetea kwa hoja za mvukizo, mikondo ya joto na hewa iliyoyeyuka majini. Kwa kipimo cha "ya kwanza" Mpemba anaanguka. Kwa kipimo cha "ugunduzi", kwa maana ya kukuta kitu kilichokuwapo na kukithibitisha, anabaki mlangoni.

Hata hivyo jina lake ndilo lililobaki, na kwa haki. Alichokifanya kilikuwa kulifanya swali lililosahauliwa liwe swali ambalo mtu yeyote mwenye jokofu anaweza kuliuliza tena. Hakuna neno la heshima kwa tendo hilo katika uandishi wetu wa sayansi. Tuna mvumbuzi, mgunduzi na mbunifu. Mwulizaji hatumjengei sanamu. Ninashuku kwamba pengo hili la msamiati ni dada wa ile dhihaka ya darasani: lugha isiyo na sifa kwa anayeuliza humrahisishia mwalimu kazi ya kumnyamazisha.

Gari bora na barabara mbaya

Katika mbio za magari mkanganyiko ni wa namna nyingine, kwa kuwa hapa teknolojia husifiwa kana kwamba haina mahali. Audi walipoleta gari la Quattro mwanzoni mwa miaka ya 1980, injini ikiyasukuma magurudumu yote manne, mashindano ya magari ya barabarani yalibadilika. Audi walitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1982 na 1984, na leo hakuna timu kubwa ya fani hiyo inayofikiria kushindana kwa magurudumu mawili. Huo ni mfano halali wa kazi iliyowageuza wote waliofuata.

Lakini Safari Rally, iliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikuisoma habari hiyo. Mwaka 1983 alishinda Ari Vatanen kwa Opel. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ikashinda Toyota Celica. Magari yote hayo yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Katika maelfu ya kilomita za vumbi, tope na mashimo, uimara na ujuzi wa barabara ulikuwa na thamani kuliko ujanja wa mitambo. Audi walishinda Safari mwaka 1987 tu, tena kwa gari lingine, Audi 200. Je, Quattro lilikuwa "la kimapinduzi"? Ulaya, ndiyo. Kati ya Nairobi na Mombasa, bado. Mhakiki asiyetaja barabara hajasema kitu.

Kwa macho yangu tukio lenye kina zaidi katika historia ya mashindano hayo ni la mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imelitumia katika Safari ya mwaka uliotangulia. Hapakuwa na kifaa kipya hata kimoja. Kilichobadilika ni dhana ya nani anaweza kushinda, na kwa gari la nani. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akaja kushinda mara tano.

Nalitaja hili kwa sababu Kigali yenyewe sasa inazungumzia magari. Desemba 2024, wakati Shirikisho la Kimataifa la Magari lilipokutana hapa, Rais Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1, ambazo hazijafanyika Afrika tangu zile za Kyalami mwaka 1993. Magazeti yaliyoandika kwa Kiswahili yalikuwa na sifa yao tayari mfukoni: "ya kwanza Afrika Mashariki". Sawa. Lakini sifa hiyo itakuwa kweli siku ya kwanza hata kama mafundi wa Gakiriro ya Gisozi, wanaochomelea vyuma na kupiga randa mbao mwendo mfupi kutoka darasani kwetu, hawatagusa chochote ila kuuza viti vya watazamaji. Neno linaloridhika mapema hivyo halitusaidii kuhoji.

Mchezo wa kukimbia

Nirudi kwenye gemu, kwa kuwa ndiko tulikoanzia. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia katika makazi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alipata kompyuta baada ya mama yake kudunduliza dola 300 kwa miaka mitatu. Alilazimika kutembea muda wa saa tatu ili kuichaji. Alijifunza kuandika programu, akatengeneza mchezo unaoitwa Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Anaponunua vitu hivyo ndani ya mchezo, fedha huelekezwa kuwasaidia wakimbizi wa kweli. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani.

Kwa vigezo vya kawaida vya fani hii, yaani ubora wa picha, upana wa dunia inayochezewa na akili ya mitambo, Salaam si kitu cha kutisha. Kukimbia na kukwepa vikwazo ni muundo wa zamani. Hata mada si mpya: Darfur is Dying, uliotengenezwa na wanafunzi nchini Marekani, ulitoka mwaka 2006. Tofauti ni kwamba wa 2006 ulitengenezwa na watu waliowahurumia wakimbizi, na huu na mtu aliyekuwa mkimbizi. Anayekimbia ameshika kalamu, au tuseme kibodi. Hilo ni badiliko la nafsi ya msimulizi, na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, waliozoea kujadili nafsi hiyo katika riwaya, wangekuwa na mengi ya kusema kama wasingeziona gemu kuwa upuuzi wa vijana.

Pingamizi moja linastahili jibu. Wenzangu waliosoma rasimu ya makala hii walisema kwamba kupima kazi kwa waliofuata ni kuabudu umaarufu, kwani michezo ya kamari nayo imeigwa kote. Ni kweli kwamba imeigwa. Kuigwa, hata hivyo, si kuwezesha. Anayeigwa huacha nakala zake; anayewezesha huacha watu wanaofanya jambo ambalo yeye hakulifanya. Waliolichunguza swali la Mpemba kwa mikondo ya joto hawakutengeneza aiskrimu.

Darasa letu hatimaye liliandika "mchezo uliofungua njia". Yule mwanafunzi mtu mzima alikubali, kisha akauliza kama inafaa kusema njia imefunguliwa ilhali hakuna bado aliyepita. Mchezo wa tangazo ulikuwa haujatimiza hata mwezi sokoni. Tulibadilisha tukaandika "unaojaribu kufungua njia" na kumpelekea mteja. Tafsiri ilirudi baada ya siku mbili, neno "unaojaribu" likiwa limekatwa kwa wino mwekundu.