Bendera Mbili Juu ya Lenana

Kitabu cha Felice Benuzzi, No Picnic on Mount Kenya, nilikisoma hapa Karungu kwa siku mbili, nimekaa Sori karibu na ufuo, omena zimeanikwa mbele yangu na vijana wanashona nyavu. Niliazimwa na rafiki aliyeniambia, "Soma, utacheka halafu utakasirika." Nilicheka. Hasira ilichelewa kidogo.

Kisa chenyewe ni cha kweli na kitamu ajabu. Januari 1943, Waitaliano watatu waliofungwa na Waingereza katika kambi ya Nanyuki wanatoroka. Hawaendi Msumbiji wala kwao. Wanatoroka kwenda kupanda Mlima Kenya, halafu warudi kambini wenyewe! Ramani hawana, wanategemea wanachokiona kwa macho na picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Mashoka ya barafu wanayatengeneza kutoka kwa nyundo, vyuma vya kuvaa viatuni kutoka kwa mabati chakavu, na kamba ni katani ya vitanda vyao. Kurasa za matayarisho ndizo bora kabisa. Mtu yeyote aliyekulia karibu na jua kali, au aliyewahi kuona mvuvi akifufua injini ya boti kwa waya na sabuni, atamwelewa Benuzzi. Kuchoka kwa mfungwa, zile siku zinazofanana hadi unasahau leo ni Jumanne au Ijumaa, anakuandika bila kujihurumia. Na njaa ya kule juu, wakihesabu biskuti, unaisikia tumboni.

Batian, kilele cha mita 5,199, kiliwashinda. Benuzzi na mwenzake Balletto wakapanda Lenana, mita 4,985, wakaacha bendera ya Italia, wakarudi Nanyuki kufungwa siku 28 za upweke. Mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7 kwa kuwa alifurahia ule moyo wao wa michezo. Hapa ndipo hasira yangu ilipoanza kuamka. Yaani mfungwa wa vita anatoroka, anarudi, anapigiwa makofi. Jaribu kuwaza Mkikuyu aliyetoroka kambi hapo hapo karibu na Nanyuki miaka kumi baadaye, wakati wa hali ya hatari. Moyo wa michezo gani?

Lakini hilo ni kosa la dunia, tusimbebeshe mwandishi. Kosa lake ni lingine. Benuzzi hakuokotwa tu njiani na vita. Alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni ya Italia nchini Ethiopia, nchi ambayo Mussolini aliivamia mwaka 1935. Kitabu kinalipita jambo hilo haraka mno. Mlima ndani yake ni mtupu, msafi, unawangoja watu watatu wenye mioyo mikubwa. Watu weusi kwa sehemu kubwa ni wa kukwepwa, wasije wakawaona wakatoa habari. Naelewa, mtoro lazima ajifiche. Ila miaka ya kuandika alikuwa nayo, na hakuna aliyekuwa akimfukuza tena.

Anarithi desturi. Halford Mackinder, anayetajwa kila mahali kuwa wa kwanza kufika Batian, mwaka 1899, alikwenda na Wazungu wenzake 5, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai 2. Kileleni walifika watatu: yeye na waongozaji wawili aliowatoa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Waswahili wawili waliuawa walipotumwa kutafuta chakula. Kuna pia orodha ya wapagazi wa msafara ule ambamo majina manane yameandikiwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wanahistoria bado wanabishana nini hasa kilitokea. Leo kuna bonde la Mackinder. Vilele alivipa majina ya malaiboni wa Kimaasai, Lenana mwenyewe akiwa bado hai. Wapagazi hawakupewa hata kijiwe.

Mwaka 1963, uhuru ulipofika, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya pale pale Lenana. Miaka 20 tu baada ya ile ya Benuzzi. Bendera ya Mwitaliano ina kitabu kinachosomwa dunia nzima, na filamu ya mwaka 1994. Ya Munyao mimi niliisoma shuleni, sentensi moja, ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Sasa nijiseme na mimi. Nilipanda Lenana miaka michache iliyopita. Mwongozaji alitutangulia gizani, saa nane usiku, akisimama kila mara nilipotaka kutapika. Mpagazi alibeba begi langu, na ndani yake, aibu iliyoje, mlikuwa na kitabu kizito ambacho sikukifungua hata mara moja. Kileleni nilipiga picha, nikaandika mtandaoni: "Nimeuweza." Mwongozaji anaonekana nusu, bega lake tu. Benuzzi alikuwa na sababu ya kujificha watu. Mimi nilikuwa na sababu gani?

Kwa hiyo nakipendekeza, tena sana. Kisome kwa ajili ya zile nyundo na ule mkebe wa nyama, na usome ukijiuliza nani hayupo kwenye ukurasa. Nilipokimaliza jioni ile niliinua macho kaskazini, kwenye milima ya Gwassi, masalio ya volkano iliyozimika kabla Mlima Kenya haujazaliwa. Mama mmoja alikuwa anakusanya omena zake. Aliniuliza nasoma nini siku mbili nzima. Nikamweleza: watu watatu, gereza, barafu, bendera.

"Na chakula walibebewa na nani?" akauliza.

Nikamjibu hao walijibebea wenyewe. Akatikisa kichwa, akasema basi angalau hilo.