Giza la Bure, Giza la Kununua: Magugu kwenye Stroberi za Kilimanjaro

Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kikitunzwa vizuri kule Kibosho au Marangu huwa na magugu machache kuliko shamba la mahindi la porini, yaani nyanda za chini, na mara nyingi bila tone la dawa. Anayetaka kulima stroberi kibiashara kwenye miteremko hii aanze kwa kujiuliza sababu. Asipoijua ataipalilia ekari moja mwaka mzima, kisha faida yote aikabidhi kwa vibarua.

Sababu ni mwanga. Kihamba kimepangwa kwa ghorofa: juu mringaringa, mfuruanje na mgrivilea, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, kisha magimbi na majani ya mifugo karibu na ardhi. Jua linalofika chini limeshachujwa mara tatu. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo mno, hazina akiba ya chakula, na huota pale tu zinapopata mwanga wa jua usiochujwa. Mwanga uliopita kwenye majani mabichi huwa umepoteza sehemu kubwa ya wekundu wake, na mbegu huisoma tofauti hiyo kama taarifa kwamba nafasi imeshachukuliwa. Zinabaki zimelala. Zile chache zinazothubutu hukutana na majani makavu ya migomba yaliyotandazwa chini, na zinazopenya hapo hung'olewa na mama anayekwenda kulisha ng'ombe wa zizini. Palizi ya kihamba ni sehemu ya kutafuta malisho, kwa hiyo gharama yake haionekani.

Utaratibu huo ulishajulikana kabla ya mtafiti yeyote kuupima. Kituo cha Lyamungu, kilichoanza utafiti wa kahawa mwaka 1934 na tangu 2001 kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), kilifanya majaribio ya matandazo kwenye mibuni enzi za ukoloni, na ushauri wa kufunika ardhi umebaki hadi leo. Mwaka 2011 FAO iliuingiza mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Sifa nyingi zilizotajwa wakati ule zilihusu mseto wa mazao na mifongo, yaani mifereji ya asili ya maji. Kwa mkulima wa biashara, ningeweka mbele jambo moja: kihamba hutengeneza giza bila malipo.

Stroberi inalikataa giza hilo. Ni mmea wa jua, uliotokana na kukutana huko Ufaransa, katika karne ya 18, kwa aina mbili za Amerika, moja ya kaskazini na nyingine ya Chile. Chini ya migomba itatoa majani mengi na matunda machache yasiyo na utamu. Kwa hiyo mkulima anakata miti, anafungua anga, na siku hiyohiyo anaziamsha mbegu za magugu zilizolala kwa miaka. Halafu anapanda juu yake mmea usiojua kujitetea. Stroberi haifiki hata goti, inachukua wiki nyingi kufunika nafasi yake, na sehemu kubwa ya mizizi yake iko katika sentimita 15 hadi 30 za juu. Jembe linalopita karibu nayo huondoa gugu na mizizi ya mmea kwa pamoja. Miezi miwili ya kwanza baada ya kupanda ndiyo ya hatari. Gugu likitangulia hapo, mavuno hayarudi hata ukilima usiku na mchana.

Ndiyo maana wakulima wa stroberi duniani kote hununua giza kwa mita. Hutengeneza tuta lililoinuka, hulaza mpira wa umwagiliaji wa matone juu yake, kisha hulifunika kwa nailoni nyeusi iliyovutwa ikakaza na kingo zake kufukiwa. Nailoni huzuia mwanga, hutunza unyevu, na huzuia tunda lisiguse udongo, jambo linalopunguza uozo. Katika ukanda wa juu wa miteremko, wenye baridi, joto la nailoni nyeusi halina neno. Ukishuka kuelekea mjini Moshi, ambako hata bila nailoni stroberi inalalamikia joto, ile yenye weupe juu na weusi chini inafaa zaidi.

Sasa tupige hesabu, maana hapa wengi hujidanganya. Chukua ekari moja, yaani mita za mraba 4,047. Matuta yenye upana wa sentimita 70, njia za sentimita 50, mistari miwili kwa kila tuta, sentimita 30 kati ya mche na mche. Utapata mita 3,370 hivi za tuta na mashimo zaidi ya 22,000. Shimo likiwa na kipenyo cha sentimita 7, mashimo yote kwa pamoja yanaacha wazi mita za mraba 85 tu, asilimia 2 ya shamba. Lakini kila shimo ni mlango, na gugu linaloota ndani yake linakuwa limekumbatiana na mche. Hapo jembe halifiki, ni vidole. Mtu anayekata mashimo makubwa ili kupanda haraka anajiongezea palizi ya vidole kwa msimu mzima. Kipenyo kikipanda kutoka sentimita 7 hadi 10, eneo lililo wazi linaongezeka maradufu.

Na njia je? Njia za sentimita 50 ni zaidi ya mita za mraba 1,600, yaani asilimia 40 na zaidi ya ekari. Mkulima amenunua nailoni, ametulia, kumbe karibu nusu ya shamba iko uchi. Magugu ya njiani huchanua, hudondosha mbegu kwenye mashimo, na huwa makao ya utitiri. Hapa Moshi ina bahati ambayo haitumiki vya kutosha: mashamba ya mpunga ya Lower Moshi yako jirani, na mabua ya mpunga yakitandazwa unene wa kiganja njiani hufanya kazi nzuri. Sharti ni moja, yawe yamepurwa vizuri, la sivyo utaotesha mpunga kati ya stroberi. Maganda ya kahawa kutoka kinuni nayo yanafaa, na hayana mbegu ya gugu hata moja.

Hadi hapa nimesema habari za magugu ya mbegu: kishona nguo, mchicha pori, na lile lenye maua madogo meupe yenye kitovu cha njano, Galinsoga, ambalo ndani ya miezi miwili limeshaota na kumwaga mbegu zake. Hayo nailoni inayaweza. Vita yenyewe ni ya magugu mawili yasiyotegemea mbegu, sangari na ndago, na ndiyo yanayoamua shamba lipi linafaa kwa stroberi.

Sangari, Digitaria abyssinica, huishi kwa mashina ya chini ya ardhi yenye pingili, na kila pingili iliyokatika inaweza kuwa mmea mpya. Trekta ya kukodi yenye haro ikipita mara mbili juu ya sangari, kinachoonekana ni shamba safi, na kilichofanyika ni kupanda vipandikizi. Wazee waliotumia jembe la uma, wakayainua mashina marefu bila kuyakata na kuyaanika juani, walikuwa sahihi kabisa. Anayetumia glaifosati naye afuate mantiki ya mmea wenyewe: dawa hiyo huingilia kwenye majani mabichi na kusafiri hadi chini, kwa hiyo sangari iachwe ikue ipate majani ya kutosha kabla ya kupuliziwa, na shamba lisiguswe kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Kuna kosa linalojirudia: kuchanganya dawa kwa maji ya mfongo yenye tope. Chembe za udongo huishika glaifosati na kuifanya isiwe na kazi. Mkulima hulaumu duka, kumbe dawa ilikwisha nguvu ndani ya ndoo.

Ndago ni balaa zaidi. Ncha ya chipukizi lake ni kali kiasi cha kutoboa nailoni ya kawaida kutoka chini, na nailoni iliyotobolewa huanza kuchanika. Chini ya ardhi lina viazi vidogo vilivyounganishwa kama shanga. Ukiling'oa jani, kiazi kinachofuata kinaamka. Joto na unyevu chini ya nailoni vinalipendeza. Dawa zinazochagua nyasi na kuacha mimea ya majani mapana, ambazo kwa stroberi zinaweza kusaidia dhidi ya sangari, hazilioni kabisa ndago, kwa kuwa si nyasi ingawa linafanana nazo.

Ndago lina udhaifu wa namna mbili. Viazi vyake havistahimili kukauka, na lenyewe halistahimili kivuli. Januari na Februari, kabla ya masika, jua la ukanda wa chini ni la kutosha: geuza udongo, viazi vibaki juu, vikauke, rudia baada ya wiki chache. Kisha usipande stroberi. Panda ngwara kwa msimu mmoja, iliyosongamana, iifunike ardhi kabisa. Hii ni kurudi kwenye kanuni ya kihamba kwa miezi michache, na udongo unapata naitrojeni juu yake. Wapo wanaopendekeza kulitandika shamba kwa nailoni angavu ili jua liuchemshe udongo, mbinu ambayo Jaakov Katan na wenzake huko Israel waliitangaza mwaka 1976. Inaua mbegu nyingi ikikaa wiki 4 hadi 6 juu ya udongo wenye unyevu. Lakini inahitaji anga safi, na miteremko yetu kuanzia Juni hadi Agosti hujaa mawingu. Dhidi ya ndago haitoshi hata kwenye jua kali.

California walilikabili tatizo hilihili kwa pesa. Kwa miongo mingi walifukiza udongo kwa gesi ya methaili bromaidi kabla ya kupanda, wakaua ndago, minyoo na vimelea kwa mpigo mmoja. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, ikaingizwa kwenye Itifaki ya Montreal mwaka 1992, na stroberi za California zilikuwa miongoni mwa matumizi ya mwisho kuombewa msamaha, hadi 2016. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiacha ifikapo 2015. Kwa hiyo anayesoma vitabu vya zamani vya stroberi ajue mlango ule umefungwa. Kwa dawa nyingine yoyote, uliza kwanza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kama imesajiliwa na kwa zao gani. Stroberi huliwa bila kumenywa.

Usisahau samadi. Nyasi hubebwa kichwani kutoka porini hadi zizini, ng'ombe hula, na mbegu ngumu hupita tumboni zikiwa hai. Samadi mbichi kwenye tuta la stroberi ni mfuko wa mbegu za nyanda za chini uliopandishwa mlimani. Irundikwe, ilowanishwe, igeuzwe, ipate joto la nyuzi 55 au zaidi ndani ya rundo, nje igeuzwe kuja ndani, kwa wiki kadhaa. Maji ya kumwagilia nayo huleta mbegu: chujio la wavu kwenye mdomo wa mfongo litazuia zinazoelea, na litaiokoa mipira ya matone isizibe.

Nailoni yenyewe ina deni. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 haikuigusa plastiki ya kilimo, na baada ya misimu miwili nailoni nyembamba hutoka vipandevipande. Nunua iliyo nene kidogo ili ikunjike ikiwa nzima, na uweke gharama ya kuiondoa kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kabla ya yote hayo, chimba mashimo kumi ya kina cha jembe katika sehemu mbalimbali za shamba, upepete udongo kwa mkono. Ukikuta viazi vya ndago kwenye mashimo matatu au zaidi, pesa ya nailoni iweke benki, nunua mbegu ya ngwara, na stroberi zipande mwakani.