Kupanga, kutenda, kukumbuka: namna madrasa za Pwani zilivyoufanya mchezo kuwa somo

Mtoto wa miaka minne akirudi kutoka skuli ya maandalizi, mzazi humuuliza amesoma nini. Akijibiwa kwamba leo walicheza duka na kupima mchanga, wengi huanza kujiuliza ada inakwenda wapi. Kwa sababu hiyo mradi wa madrasa za awali wa Afrika Mashariki unastahili kuchambuliwa kwa makini. Uliwafanya wazazi wenye kipato kidogo waukubali mchezo katika mazingira waliyozoea kuyaona kama mahali pa kisomo tu, na zana zake nyingi ziliokotwa ufukweni na jikoni.

Asili yake ni ombi. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa Pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan awasaidie kuinua elimu ya watoto wao, ambao wengi walikuwa wakibaki nyuma shuleni. Mwaka 1986 skuli ya kwanza ikafunguliwa Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kazi ikiongozwa na Bi Swafiya Said, mwalimu mwenyeji. Zanzibar ikaingia 1990, Uganda 1993. Baadaye jamii zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu zilikuwa na skuli za aina hii, zikihudumiwa na vituo vya mafunzo vya Mombasa, Unguja na Kampala.

Mbinu ya darasani ilichukuliwa kutoka HighScope, mtaala wa elimu ya awali ambao mizizi yake ni kazi iliyoanzwa na David Weikart mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, Michigan, Marekani. Humo watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja likapata elimu ya awali na jingine likakosa, kisha wakafuatiliwa hadi utu uzima. Madrasa zilichukua huko utaratibu wa siku, na kwa maoni yangu utaratibu huo ndio moyo wa jambo zima. Mtoto hupanga, hutenda, kisha hukumbuka.

Asubuhi mtoto hakimbilii tu kona ya kuchezea aipendayo. Kwanza hukaa na mwalimu katika kikundi kidogo na kusema atafanya nini. Tuseme mtoto anasema, “Mwalimu, mimi nitauza samaki.” Mwalimu hamwambii “vizuri” na kumwacha. Humuuliza, “Haya mwanangu, utawapima kwa nini? Nani atakuja kununua?” Mtoto analazimika kuliona kichwani jambo ambalo bado halijatokea, kuchagua vifaa, na kumfikiria mwenziwe. Anapofika kona ya duka tayari ana kusudi, na kusudi hilo humzuia asiache kazi nusu kila anapoona kitu kipya. Mchezo ukiisha, kikundi hukutana tena. Aliyeuza samaki hueleza aliuza wangapi, mzani ulivyoegemea upande mmoja, na kwa nini mteja alikataa kulipa. Hapo ndipo alichokifanya kwa mikono kinapogeuka maneno, na maneno hayo ndiyo msingi wa kusoma na kuandika. Skuli nyingi zinazojisifu kwa kujifunza kupitia michezo hufanya sehemu ya katikati tu. Watoto huachiwa vitu, wakacheza, kengele ikalia, wakaenda nyumbani. Huko ni kucheza, nako kuna faida zake, lakini nusu ya somo imeachwa mezani.

Tuziangalie na zana. Watu huvutiwa na ubunifu wa kutumia vifuu na vizibo vya soda, wakadhani ubora uko hapo. Ubora uko katika kile ambacho kitu kinamlazimisha mtoto akifanye. Mpe kifuu kidogo na kata kubwa, umweke penye beseni la maji. Atajaza, atamwaga, na baada ya muda atagundua kwamba kata moja inameza vifuu kadhaa, na kwamba idadi hiyo haibadiliki akirudia. Amegundua kipimo pasipo kuambiwa. Mpe komwe, zilezile za kuchezea bao. Panga safu mbili zenye komwe sita kila moja, kisha itanue safu moja. Watoto wengi wa miaka minne watasema safu ndefu ina komwe nyingi zaidi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi ambaye Weikart aliegemea nadharia zake, alionyesha kwamba kumwambia tu mtoto amekosea hakumbadilishi. Anahitaji kuzihesabu, kuzisogeza, kuzirudisha, kubishana na mwenziwe, hadi akili yake yenyewe iikatae ile kauli ya mwanzo. Ukili wa rangi mbili nao hufundisha ruwaza, kwa kuwa anayekosea mpangilio wakati wa kusuka huliona kosa palepale bila kusahihishwa na mtu.

Zana hizo lazima ziwe mahali mkono wa mtoto unapofika. Nasema hivi kwa sababu kuna madarasa ambako kona zimepambwa vizuri kwa ajili ya mkaguzi, vitu vimetundikwa juu ya kimo cha watoto, na siku nzima wao wanaimba herufi kwa pamoja wakiwa wameketi kwa mistari.

Suala la dini lingeweza kuuvunja mradi, nalo likawa nguzo yake. Mtaala uliunganisha mafunzo ya Kiislamu na ya dunia katika siku moja, kwa Kiswahili au lugha nyingine ya mahali, chini ya walimu ambao wengi walikuwa wanawake wa jamii ileile. Mafundisho yenyewe yana mengi ya kumfaa mtoto mdogo. Udhu, kwa mfano, una mpangilio usiovurugwa, una kulia na kushoto, una kurudia mara tatu. Mtoto anayeutekeleza anahesabu na kufuata hatua kwa mwili wake, na mzazi anayemtazama haoni upuuzi wowote.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa mwalimu. Aliyelelewa katika shule ya kukariri huona ukimya wake mwenyewe kama uvivu. Akiona mnara wa vibao unaegemea, mkono wake unataka kuunyoosha. Kumfundisha angoje, atazame, kisha aulize “unadhani kwa nini umeanguka?” badala ya “hii rangi gani?” hakumalizwi na semina. Mradi ulilijua hilo. Walimu walipata mafunzo, kisha wakufunzi waliwafuata madarasani mwao mara kwa mara, wakakaa, wakatazama, wakazungumza nao baada ya kipindi. Jamii nayo iliingia makubaliano, ikaunda kamati ya skuli na kutoa mahali. Fedha za akiba ziliwekezwa ili zisaidie skuli baada ya msaada wa karibu kupungua, ingawa mishahara midogo ya walimu ilibaki tatizo sugu.

Matokeo yalipimwa. Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliokwenda skuli ya awali ya aina yoyote walipiga hatua kubwa kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wa madrasa waliwapita wenzao wa skuli nyingine. Watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama kule Ypsilanti, kwa hiyo tofauti za familia haziwezi kuondolewa kabisa katika hesabu. Hata hivyo, uchambuzi uliofuata wa data za watafiti haohao ulihusisha maendeleo ya mtoto na ubora wa mazingira ya darasa lake, na huo ndio uhusiano tunaoutarajia kama mbinu yenyewe inafanya kazi.

Leo serikali zimeichukua lugha ya mradi huu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliiweka elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, na mtaala wa umilisi wa Kenya unataka watoto wa miaka minne na mitano wajifunze kwa kutenda. Kona zimenakiliwa, na vizibo vimekusanywa. Kilichoachwa ni kile chenye gharama: kikundi kidogo kinachomwezesha mwalimu kusikiliza mpango wa kila mtoto, na mkufunzi anayerudi darasani baada ya semina kwisha. Mwalimu mmoja mwenye watoto sitini hawezi kuuliza maswali ya kupanga na kukumbuka, hata awe hodari vipi. Kaunti na wizara zinazopanga bajeti ya elimu ya awali zianze na mambo hayo mawili, na rangi za ukutani zisubiri.